Siku Nilifunga Barabara na Kamba ya Mbuzi

Aibu yenye nilipata Krismasi iliyopita hapa Katelembo nitaisema mwenyewe, kwa sababu wale wanaisema sasa kwa mahoteli na kwa stendi ya boda wanaisema vibaya, wameongeza chumvi mpaka mbuzi moja imekuwa kundi, na tena wanaficha majina ya watu walioharibu pamoja na mimi. Mimi sifichi. Naitwa Syombua, wengi wananijua kama Mama Mumo, nauza mboga na embe pale barabara ya vumbi inaachana na lami, shule niliachia darasa la tano, na umri wa kuogopa watu nimeupita zamani. Walioharibu hiyo siku ni Kavata, rafiki yangu wa kuuza mayai, na Nzioka, mwenyekiti wa soko, na mimi. Najitaja wa mwisho lakini najua vizuri nilikuwa wa kwanza.

Wacha kwanza niseme kile kilikuwa kinanichoma roho, ndiyo msidhani niliamka tu na wazimu. Mwezi wa Krismasi huku kwetu embe ni nyingi mpaka unazikanyaga, zinaanguka usiku unasikia pu, pu, kwa mabati. Na ndio mwezi watoto wetu wanarudi nyumbani kutoka Nairobi na Athi River na wapi wapi, gari zimelala nyuma kwa mzigo, na wanapita mbele ya meza yangu wakinipungia mkono, "Mama Mumo, habari ya siku nyingi!" na vioo wanafunga kwa sababu ya vumbi. Kwa buti ya gari wako na nini? Kabichi. Kabichi ya kutoka Nairobi! Nyanya zimefungwa kwa nailoni kama dawa. Na juisi ya embe ya boksi (haki ya Mungu, juisi ya embe, mtu anaipitisha katikati ya embe zenyewe zikiozea miguuni kwake). Halafu huyo huyo akifika kwa mama yake ananiletea salamu ati soko yetu imelala sana siku hizi, kwani kulienda aje. Kulienda hivyo, mwanangu. Ulipita.

Sasa huo mwaka tukafanya mkutano wa soko. Nzioka akasimama na hiyo koti yake ya kijivu (anaivaa hata jua likiwa la kukausha mahindi) akasema tufanye siku moja kubwa kabla ya Krismasi, tuimbe, tukaribishe wageni pale kona, watu wanunue kwetu. Tukapiga makofi. Mimi nikainua mkono nikasema, na wafanyikazi wetu je? Maana soko hii inafagiliwa na mtu, na hiyo mtu ni Ndinda, ambaye pia anaosha vyoo, na usiku inalindwa na Mzee Mulwa na rungu na blanketi, na miaka yote hiyo sijaona siku wameambiwa asante mbele ya watu. Nzioka akasema, "Hiyo ni sawa, Mama Mumo. Tutawapatia mkate na chai."

"Mkate na chai?" nikasema. "Mwenyekiti, wewe mwenyewe Krismasi utakula mkate na chai?"

"Hao si watu wa makuu."

Sijui ni hiyo neno ama ni jua, lakini nilisimama juu ya kreti ya soda na nikaapa mbele ya soko yote kwamba Ndinda na Mzee Mulwa watakula nyama. Nyama ya mbuzi, mbuzi mzima, wakiwa wamekaa kwa kiti, na siku hiyo Ndinda hatashika ufagio. "Nikishindwa," nikasema, "msiniite tena kwa mkutano." Basi watu wakachanga, wengine kwa moyo na wengine kwa kuona haya, na tukanunua dume moja la rangi ya udongo na mguu wa mbele mweupe, na kwa sababu mimi ndio nilipiga kelele, likawekwa kwangu. Kwa hivyo mjue ilikuwa inasimama na jina langu. Mbuzi ikipotea, si mbuzi tu imepotea.

Siku ikafika. Kavata na mimi tulifunga shuka nyeupe kati ya miti miwili, imeandikwa na mkaa KARIBUNI NYUMBANI NUNUENI KWETU, tukaazima spika ya kwaya, wamama wakavaa leso zinafanana, na Nzioka akakalia kiti cha plastiki cha mbele, kile tuliweka cha wageni. Mbuzi nikaifunga nyuma ya soko kwa kigingi, karibu na yule fundi wa panchari. Ndinda akaja. Sijawahi kumuona hivyo. Alikuwa amevaa rinda la maua, kitambaa kipya kwa kichwa, amejipaka mafuta miguu inang'ara, na mkononi amebeba bakuli lake limefunikwa na sahani. Akasimama kando kando ya ukuta pale mahali huwa anaegesha ufagio, kama mgeni ambaye hajui kama harusi ni hii.

"Ndinda, kaa kwa kiti," nikamwambia.

"Nitakaa Mzee Mulwa akifika," akasema. "Peke yangu naona haya."

Tukaimba. Mwaitu, mama yangu, tuliimba mpaka koo zikauma. Gari zikaja, zikapiga honi pi-pi-pi, zikapunga mikono, zikapita. Zingine zilitupiga picha! Mama mmoja alitoa simu yake nje ya dirisha akatuchukua tukicheza na hakununua hata pilipili. Nikaangalia zile kabichi zangu nimezipanga kama mlima, nikaangalia embe.

Hapo ndipo niliamua ile kitu kidogo. Nilijiambia, hizi gari zikipunguza mwendo kidogo tu, mtu aone embe vizuri, atanunua. Kunahitajika kamba. Kamba ya kuvuka hii barabara ya vumbi, si lami, mimi si mjinga, lami ni ya serikali. Na kamba iko wapi? Iko kwa shingo ya mbuzi. Ilikuwa ndefu, ya nailoni ya bluu, nguvu kabisa.

Nikaenda nyuma nikaifungua. Nikamwambia Kavata, "Shika hii mbuzi dakika kidogo."

"Nishike na nini?"

"Si uko na leso?"

"Hii ni leso yangu mpya, Syombua!"

"Wewe shika. Mimi naenda kufanya kazi."

Akaivua leso akaifunga mbuzi shingoni kama mtoto ako na homa, nikamwacha hapo. Mimi nikafunga kamba upande mmoja kwa mti mmoja wa ile shuka, upande wa pili nikaushika mwenyewe, na gari ya kwanza ilipotoka kwa lami nikavuta ikawa juu, nikainua mkono kama polisi.

Na si ikasimama! Ilikuwa gari ndogo nyeupe, ndani kuna bibi na bwana na watoto. Nikaenda kwa dirisha nikawaambia kwa heshima, "Karibuni nyumbani. Hapa hakuna kitu mbaya. Mkinunua kitu ya hapa, kamba inaanguka." Bibi akacheka, wakanunua embe na sukuma wiki na mayai ya Kavata, nikaachilia kamba, wamama wakapiga vigelegele. Ya pili ikasimama, wakanunua. Ya tatu mzee akakasirika kidogo lakini akanunua maharagwe akisema hata hivyo yalikuwa yameisha nyumbani. Jamani, kichwa changu kikavimba. Nilianza kufungulisha watu mabuti. "Fungua tuone! Hii kabichi umetoa wapi? Kwani huku hakuna mchanga?" Wamama wanacheka, vijana wa boda wanapiga miluzi, "Afande! Afande Mama Mumo!" Nzioka naye akaacha kiti, akakamata maikrofoni akawa anatangaza, "Soko ya Katelembo inafanya kazi! Chini ya uongozi wangu!" (Kamba ilikuwa yangu. Kamba ilikuwa ya mbuzi, sawa, lakini mkono ulikuwa wangu.)

Halafu ikaja gari ya Muthama. Muthama mnamjua, ama hamumjui, ni mtoto wa hapa juu kilimani, anafanya kazi kwa kiwanda cha mabati Athi River, mtu mtaratibu, hata kuku ikivuka anasimama. Gari yake ilikuwa ile kuukuu, na haikutoka kwa lami. Ilitoka nyuma ya soko, kule kwa fundi wa panchari. Kule nilikuwa nimefunga mbuzi.

Nikavuta kamba. Akasimama. Na kabla sijasema karibu nyumbani nikasikia kutoka kwa buti: meee.

Nikageuka nikaangalia nyuma ya soko. Kigingi kilikuwa hapo. Mbuzi hakuna. Kavata hakuna.

"Kavata!" nikaita.

Sauti ikatoka kwa kibanda cha msusi. "Naam?"

"Mbuzi iko wapi?"

Kavata akatokeza kichwa nje, nusu imesukwa na nusu imesimama kama mtu ameona jini. "Niliifunga kwa stuli," akasema. "Nafasi ilipatikana, msusi aliniambia ni saa hii ama mwaka ujao!"

Meee, ikasema buti ya Muthama.

Sasa hapo mtu mwenye akili angeuliza. Angesema, habari yako Muthama, hiyo ni mbuzi gani? Lakini mimi nilikuwa nimekuwa afande tangu asubuhi, na Ndinda alikuwa pale ukutani na bakuli lake, na mimi nilikuwa nimeapa juu ya kreti. Nikapiga nduru. Nilipiga ile nduru ya kwetu ya kuita kijiji. "Mwizi! Mwizi wa mbuzi! Mbuzi ya wafanyikazi!"

Pikipiki zikaacha abiria. Mteja wa kinyozi akatoka na sabuni kidevuni. Nzioka akakimbia, koti inapepea, akachomoa ufunguo wa gari, na badala ya kuuliza yeye pia (mnaona vile tulifanana), akatangaza kwa spika, "Wananchi! Mwizi wa mbuzi ya Krismasi ameshikwa! Kamati yangu imemshika! Ni Muthama wa kule juu!" Hiyo spika ya kwaya si mchezo, ile ilinunuliwa isikike mpaka kwa wale hawaendi kanisa. Mpaka kwa mama yake ilifika.

Muthama akatoka kwa gari polepole. Akasema, "Mama Mumo, tulia. Hiyo mbuzi nimenunua soko ya Tala leo asubuhi."

"Tala!" nikasema. "Sikieni! Mguu wa mbele mweupe, rangi ya udongo, na ati Tala!"

Tukafungua buti. Ilikuwa hapo imelala kwa gunia, rangi ya udongo, mguu wa mbele mweupe. Nikaivuta nje, nikapiga magoti kwa vumbi mbele ya watu wote, nikaikumbatia shingo, na machozi yakanitoka, machozi ya kweli, sidanganyi, nikawa naiambia pole, pole sana, walitaka kukupeleka wapi. Wamama wakaanza kuimba tena. Mtu akamsukuma Muthama kifuani. Mwingine akasema apelekwe kwa chifu, mwingine akasema kwani chifu ni wa nini na sisi tuko hapa, na hapo ndipo hata mimi niliona kitu kinaenda vibaya, lakini nilikuwa nimekumbatia mbuzi.

Ndinda akatoka ukutani. Akapita katikati ya watu na hilo rinda lake la maua, akainama karibu na sikio langu, na kwa sauti ya chini, kwa sababu yeye hajui kuaibisha mtu, akasema, "Mama Mumo."

"Nini?"

"Yetu si ilikuwa dume?"

Nikaangalia chini. Nilikuwa nimeegemeza mkono kwa kiwele. Kiwele kikubwa, kimejaa maziwa, hata kipofu angekiona.

Na hapo hapo tukasikia nyuma yetu kitu kinasema kwach, kwach, kwach, halafu meza ikaanguka.

Ilikuwa meza yangu. Na juu ya ule mlima wa kabichi, ambao sasa haukuwa mlima, alisimama dume letu, shingoni ana leso mpya ya Kavata kama mzee wa kanisa na skafu, mguu mmoja ndani ya beseni ya nyanya, na jani la kabichi linaning'inia mdomoni. Stuli ilikuwa bado imefungwa kwa leso inaburuta nyuma yake. Akatuangalia. Akatafuna.

Kijana mmoja wa boda akasema, "Wamama, msilie tena. Kastoma wa kweli ndiye huyo. Anakula kwetu na hakuna mtu alimvutia kamba."

Nilisikia kicheko nimewahi kusikia mara moja tu, siku mchungaji alianguka mtoni akibatiza. Watu walikaa chini. Kinyozi alicheka mpaka akaegemea gari ya Muthama. Kavata, na nywele yake nusu, alikuwa analia leso yangu, leso yangu, na hiyo ikawachekesha zaidi. Mimi bado niko kwa magoti, mkono umeshika mbuzi ya wenyewe, na kamba ya bluu imelala mbele yangu kwa barabara kama nyoka imegongwa.

Nzioka ndiye sikuwahi kumsamehe hapo. Alikohoa kwa spika, akasema, "Wananchi, haya ni mambo ya Mama Mumo binafsi. Kamati haihusiki. Hii sherehe tunaisimamisha. Hiyo mbuzi itarudishwa kuuzwa, kwa sababu ya hii fujo, na wafanyikazi watapewa mkate na chai vile nilisema mimi tangu mwanzo." Halafu, bila hata kumwangalia, "Ndinda, hebu chukua ufagio, toa hii takataka ya kabichi hapa."

Na Ndinda akaenda. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko kicheko. Aliweka bakuli lake chini kando ya ukuta, akakunja mikono ya rinda, akachukua ufagio kama mtu ambaye alijua tangu asubuhi ingeishia hapo.

Nikasimama. Vumbi magotini, kamasi usoni, nikamfuata, nikaushika huo ufagio. Akavuta. Nikavuta.

"Wacha nifagie, Mama Mumo. Ni dakika."

"Leo hushiki."

"Watu wanatuangalia."

"Wametuangalia tangu asubuhi. Achilia, Ndinda, nitakuuma mkono!"

Akaachilia, nusu acheke. Na mimi, Syombua, afande wa asubuhi, nikafagia kabichi zangu mwenyewe mbele ya Katelembo yote, na wale vijana wananihesabia, "Kushoto! Kulia! Afande, umeacha hapo!" Nilifagia pole pole. Nilifagia mpaka kwa viatu vya Nzioka, na nilipofika hapo sikuzunguka, nilifagia viatu.

Halafu nikachukua maikrofoni kutoka mkono wake. Nikasema, na ilisikika mpaka kwa wale hawaendi kanisa, "Muthama si mwizi. Muthama alinunua mbuzi Tala, kwa watu wetu, akaja akatia hewa gari yake kwa fundi wetu, na mimi nikamwita mwizi. Muthama, mwanangu, nisamehe. Na mama yako, kama ananisikia huko juu, mwaitu, nisamehe. Lakini," nikasema, kwa sababu sikuwa nimemaliza, "hii juisi ya boksi sijaisamehe. Na mbuzi yenu iko na mimi, imeshakula kabichi yangu, kwa hivyo hakuna mtu anairudisha popote. Itachinjwa. Ndinda na Mzee Mulwa watakula nyama leo, ama mnichinje mimi."

Muthama akawa anapanguza vumbi kwa suruali. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki, lakini pia mdomo ulikuwa unamcheza. Akasema, "Mama, hii yangu ni ya yule mtu anachunga ng'ombe wa mama yangu. Amekaa na yeye miaka yote mimi niko kiwandani. Nilitaka akamue yake." Akairudisha kwa buti. Nilitamani ardhi inimeze, lakini haikunimeza, ardhi ya Katelembo ni ngumu sana hiyo mwezi. Halafu akasema, "Sasa nimekusamehe, lakini niulize kitu moja. Kwani ilikuwaje mbuzi ikawa haina kamba?"

Kabla sijafungua mdomo, mtu akanijibia. Ilikuwa Wayua.

Wayua sijamtaja kwa sababu nilikuwa natumaini nitamaliza bila yeye. Wayua ni shosho mmoja, mama mzee, anakaa meza ya kupakana na yangu, kabisa, ukinyoosha mkono unamgusa. Na unajua anauza nini? Kamba. Kamba za katani, anazisokota mwenyewe kwa paja, katani yake inatoka Ekalakala, za mbuzi, za ng'ombe, za ndoo ya kisima, amezitundika hapo tangu mimi nije soko. Asubuhi yote alikuwa ameketi chini ya hizo kamba akiniangalia nikisimamisha gari.

"Muulize vizuri!" akasema Wayua. "Amefungua watu buti tangu asubuhi, ooh nunua kwetu, ooh kwani huku hakuna mchanga. Mimi niko hapa! Nimetundika kamba mpaka zinamgonga kichwa akipita! Amenunua siku gani? Akitaka kamba anavua mbuzi!"

Sasa kile kicheko cha kwanza kilikuwa cha watoto. Hiki cha pili hata Ndinda alicheka. Hata Mzee Mulwa, ambaye ndio alikuwa amefika, amevaa suti ya harusi yake na hajui kumetokea nini, alicheka kwa kuona wengine wanacheka. Mtu akikufungulia buti yako mwenyewe unasema nini?

Tulichinja. Muthama mwenyewe alishika miguu, alisema hawezi kuwa ametukanwa hivyo halafu aende bila kuonja. Ndinda na Mzee Mulwa waliketi kwa viti vya mbele, vile vya wageni, na Kavata ndiye aliwapelekea maji ya kunawa, nusu kichwa imesukwa, kwa sababu msusi alikataa kumaliza mpaka aone mwisho. Mzee Mulwa aliulizwa akachagua kichwa, na yeye akasema ni miaka mingi hajaulizwa anataka kipande gani. Ndinda alikula pole pole, bakuli kwa mapaja, na alipomaliza mfupa akaniangalia akasema, "Hii nyama ina utamu wa kabichi." Sijui alikuwa ananitania ama anashukuru. Kwa Ndinda huwezi jua, na mimi sikuuliza.

Na Nzioka? Nzioka alikuja. Alikuja na sahani, koti amevua, anatabasamu kama ndio ameingia sokoni. Nikamwambia, "Mwenyekiti, karibu sana, yako tumekuwekea." Nikamletea kikombe cha chai na slesi ya mkate.

"Mama Mumo, ni nini hii?"

"Si ulisema inatosha?"

Alikunywa. Watu wote walikuwa wanaangalia, angefanya aje.

Ndiyo hiyo. Mpaka leo nikipita stendi wananipigia saluti, "Afande, leo unakagua nani?" na kuna mtoto wa Kavata anajua kulia kama mbuzi kila akiniona, na mamake anamwachilia makusudi kwa sababu ya leso. Muthama akipita anapiga honi mara mbili na anafungua buti mwenyewe kabla sijasema kitu. Mama yake alinitumia maziwa ya mbuzi kwa chupa, na salamu ati ni ya Tala. Wanicheke. Nimeishi na mambo makubwa kuliko kicheko.

Lakini msidhani nimefunzwa kunyamaza. Embe zimeanza kuanguka tena, nazisikia usiku kwa mabati, na mkutano wa soko tumefanya, na Nzioka hakusema neno mkate. Mbuzi ya mwaka huu imefungwa nyuma ya nyumba yangu na kamba yake, na naapa hapa mbele yenu sitaifungua kwa sababu yoyote, hata moto ukitoka. Jana nilinyoosha mkono kwa meza ya Wayua nikanunua kamba nyingine, ya katani, ndefu ya kuvuka barabara, na yeye akanipimia bila kucheka, akaongeza kidogo juu.

Kwa hivyo ukitoka lami ukifika hapo kwa kona, punguza mwendo. Na kama uko na juisi ya boksi, uifiche vizuri.